Ananguruma nikimgusa mguu: daktari wa mifugo anajibu

*"Shikamoo daktari. Nina mbwa jike anaitwa Popi, ana kama miaka mitatu, mchanganyiko wa mbwa wa kienyeji na Jamani shepadi. Tulimpata mwaka jana kwa jirani aliyekuwa anahama. Huko alifungwa mnyororo mchana kutwa, na nadhani alipigwa sana, maana hata ukiinua ufagio anakimbilia chini ya gari. Sasa huu ni mwezi anajilamba miguu ya mbele mpaka manyoya yamekuwa rangi ya kutu, na anachechemea mguu wa kushoto. Kucha zake ni nyeusi na ndefu, akipita barazani unazisikia. Jumapili nilijaribu kuzikata kwa mkasi, mume wangu amemshika. Ukucha mmoja ulitoka damu nyingi, naye akanibana kidole kwa meno, si sana, damu ilitoka kidogo tu. Tangu siku hiyo ukigusa mguu ananguruma. Nimempa nusu kidonge cha diclofenac mara mbili. Fundi wa jirani anasema nimpake oili chafu. Mama mkwe anasema ni funza, nipake mafuta ya taa. Tunaishi Tanga, uwanja wetu ni mchanga, banda lake lina sakafu ya saruji. Nifanyeje, na hizi kucha nizikateje?"*

Marahaba, mama. Umeniuliza kuhusu kucha za Popi, lakini naanza na kidole chako, ulichokitaja kama jambo la kupita tu.

Hujaniambia kama Popi amechanjwa kichaa cha mbwa, na kwa mbwa aliyepokewa kwa jirani anayehama, mara nyingi hakuna anayejua. Osha jeraha hilo leo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama limeshaanza kufunga, kisha nenda kituo cha afya ukawaeleze kwamba mbwa amekuuma na damu imetoka. Usiseme "amenibana kidogo". Virusi vya kichaa husafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni; chanjo inavizuia vikiwa njiani, lakini dalili zikishaanza hakuna dawa. Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua mwenyewe, kwa hiyo Popi akiwa hai na mzima siku 10 baada ya kukuuma, tutajua mate yake yalikuwa salama Jumapili ile, na daktari wako anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Lakini kungoja siku 10 ziishe ndipo uanze, hapana. Kwa maelezo yako naamini alikuuma kwa sababu aliumizwa. Hata hivyo imani yangu si chanjo.

Jambo la pili la haraka ni diclofenac. Acha leo. Najua ulimpa kwa huruma, na ndiyo dawa iliyo kwenye kila kabati la nyumba zetu. Dawa hii huzima kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe, ila ndugu wa kemikali hizohizo ndio wanaolinda ukuta wa tumbo na kuhakikisha figo zinapata damu ya kutosha. Tumbo la mbwa halivumilii kama letu, na mbwa hupata vidonda vya tumbo kwa vipimo ambavyo sisi hatuvihisi kabisa. Ibuprofen ni hivyohivyo. Kwa siku chache zijazo mwangalie: akitapika, akikataa chakula, akinywa maji kupita kawaida, au kinyesi kikiwa cheusi kinachonata kama lami, huyo ni mgonjwa wa siku hiyohiyo. Na utakapoonana na daktari wa mifugo, mwambie ulimpa nini na lini, maana dawa salama ya mbwa ya jamii hii, kama carprofen au meloxicam, haichanganywi na hiyo wala haifuati mara moja baada yake. Watu huficha kwa aibu, na sisi tunaongeza sumu juu ya sumu bila kujua.

Sasa tuje kwenye miguu.

Wewe unaona matatizo matatu: mbwa mwoga, kucha ndefu, miguu inayouma. Mimi naona mbwa mwenye maumivu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mkono wa mtu unaweza kugusa mguu bila balaa kufuata. Mtoto wa mbwa hujifunza kitu gani ni cha kawaida duniani kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ya maisha yake. Huku kwetu pwani mbwa wengi hupita kipindi hicho bila kuguswa. Nyumba nyingi hazimshiki mbwa kwa sababu ya mate yake na udhu, sina neno juu ya hilo, watoto nao wanamjua mbwa kwa jiwe. Akikua hivyo, mguu kushikwa kwake ni sawa na kukamatwa. Ukiongeza ukucha uliokatwa mpaka kwenye nyama huku mtu mzima amemlalia, umempa ushahidi wa kila alichokuwa anakiogopa.

Ndiyo maana nakuomba usimkemee anaponguruma. Kunguruma ni adabu ya mbwa. Anakuambia "nimefika mwisho" badala ya kukuuma. Akipigwa kwa kunguruma, hofu inabaki palepale na onyo ndilo linalopotea, na siku nyingine atauma kimyakimya. Kabla ya kunguruma hutoa dalili nyingine ambazo wengi hatuzisomi: anageuza uso, analamba pua, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaonekana, mwili unakuwa mgumu ghafla. Kuna moja ninayoipenda kwa sababu haidanganyi. Mbwa hutoka jasho kwenye nyayo, na akiogopa, sakafu ya saruji inabaki na alama za unyevu. Ukiziona alama hizo, kazi ya siku hiyo imekwisha, hata kama hujagusa kitu.

Rangi ya kutu kwenye manyoya si damu wala si uchafu. Mate ya mbwa yana kemikali inayogeuka nyekundu-kahawia ikikaa kwenye manyoya, hivyo rangi hiyo inanithibitishia kwamba amelamba kwa wiki nyingi. Kulamba kunamtuliza kwa dakika chache, lakini unyevu unaobaki kati ya vidole unalainisha ngozi, fangasi na bakteria waliokuwepo siku zote wanaongezeka, ngozi inawasha zaidi, analamba zaidi. Mwisho hata kile kilichoanzisha kikiondoka, kulamba kunaendelea kwa nguvu zake kwenyewe.

Kilichoanzisha ni nini? Hapa umenipa dokezo zuri bila kujua. Unasema analamba miguu yote miwili ya mbele, lakini anachechemea mmoja. Mguu mmoja unanifanya nifikirie kitu cha mahali pamoja: mwiba, kupe aliyejificha kati ya vidole, funza, ukucha uliopasuka, au kipande cha chupa kilichofunikwa na ngozi. Miguu miwili au minne inanielekeza kwenye mzio, utitiri wa ngozi, fangasi, au sakafu. Popi anaweza kuwa na vyote viwili, na ningeshangaa kidogo kama sakafu haihusiki. Banda la saruji huoshwa kwa nini kwenu? Kama ni Jik au Dettol isiyosuuzwa vizuri, anasimama juu ya dawa inayochoma, kisha anaipeleka mdomoni kwa kulamba. Osha kwa sabuni ya kawaida, suuza kwa maji mengi, acha pakauke ndipo aingie, na mwekee ubao au gunia kavu la kulalia. Mchana wa jua kali weka kiganja chako kwa upande wa nyuma juu ya saruji: ukishindwa kukaa sekunde saba, nyayo zake nazo zinaungua.

Mama mkwe anaweza kuwa ameona sawa. Mchanga mkavu ndiyo nyumba ya funza, na mbwa humpata kwenye nyayo, kati ya vidole na pembezoni mwa kucha. Jike la funza huingia kwenye ngozi likiwa dogo kama punje ya mchanga, kisha linavimba kwa mayai mpaka linafikia ukubwa wa njegere. Utaona uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Ugonjwa ameuotea, ila dawa siyo. Mafuta ya taa huchoma ngozi iliyokwisha kuchubuka, na Popi atayalamba. Yakiteleza kuingia kwenye mapafu, huenda tukampoteza kwa kichomi wakati tulikuwa tunatibu kidole. Oili chafu ni mbaya zaidi. Ile ni takataka ya injini, ina vumbi la vyuma na kemikali za mafuta yaliyoungua, na ngozi ya mbwa inainyonya. Najua kuna watu watakuambia mbwa wao alipona ukurutu kwa oili. Mimi nimewaona wale ambao hawakupona, na wenye mbwa hao hawana hamu ya kusimulia. Kwa funza wa binadamu, kule Kenya yamejaribiwa mafuta mepesi ya dimetikoni (aina ya silikoni), yanayoziba tundu analopumulia funza, na yalifanya vizuri kuliko kuloweka miguu kwenye maji ya pamanganeti. Kwa Popi, mwenye hofu yake, funza watolewe na daktari akiwa amelazwa usingizi mwepesi. Kumchokonoa na sindano nyumbani kutarudisha Jumapili.

Utafanya nini wewe, leo hadi siku ya daktari? Kidogo tu. Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Usimshike mguu wala usimtumbukize kwenye beseni. Mwache asimame, mume wako ampe chakula mbele, wewe umwagie miguu polepole kwa jagi. Mara mbili kwa siku inatosha. Kisha mwache atembee juu ya taulo kavu, kwa sababu kukausha kati ya vidole ni muhimu kuliko kuosha. Akikataa jagi, acha jagi. Usitumie spiriti, usipake chumvi kavu, na usimfunge bandeji. Bandeji ya mguu wa mbwa ikikazwa vibaya inazuia damu, na nimewahi kukata vidole vilivyokufa kwa sababu ya kitambaa kilichofungwa kwa upendo. Ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako na kuvishwa shingoni huzuia kulamba kwa mbwa wengi, lakini kwa Popi nadhani italeta hofu mpya, kwa hiyo mpe mfupa mkubwa mbichi wa kumshughulisha.

Kucha, ambazo ndizo ulizoniuliza, zinaweza kusubiri wiki kadhaa. Isipokuwa moja: chunguza kwa macho ule ukucha wa pembeni, wa kidole kisichofika chini. Kwa kuwa hausuguliwi na ardhi, unaweza kujikunja kama pete na kuingia kwenye nyama. Ukiwa umeingia, hilo peke yake linatosha kueleza kuchechemea kote.

Ndani ya ukucha wa mbwa kuna nyama hai yenye mshipa wa damu na wa fahamu. Kwenye ukucha mweupe unaiona, ya waridi; kwenye mweusi huoni kitu. Ukucha ukirefuka, nyama hiyo nayo inarefuka ndani yake, ndiyo maana ukikata "urefu wa kawaida" kwa mbwa aliyeachwa miaka mitatu unakata mbwa, si ukucha. Habari njema ni kwamba nyama hiyo hurudi nyuma. Ukipunguza ncha kidogo sana kila wiki, nayo inajivuta, na baada ya miezi kadhaa kucha zinakuwa fupi bila tone la damu. Mkasi wa nyumbani sikupendekezei hata ukinolewa: unabana ukucha kabla haujaukata, na ule mbano wenyewe unauma. Kama damu itatoka siku yoyote, bonyeza unga wa mahindi au wanga kwenye ncha kwa dakika tano bila kuchungulia. Inatisha kuitazama, lakini mbwa mzima hafi kwa ukucha.

Kwa mbwa kama Popi mimi huanza na msasa. Nunua msasa wa seremala, namba 80 au 100, ugundishe kwenye ubao wa upana wa kiganja mara mbili, uuegemeze. Weka kipande cha ini chini ya kitambaa juu ya ubao; akikwangua kwa mguu wa mbele kukitafuta, msifu na umpe kingine. Siku chache baadaye ondoa kitambaa. Anajikata kucha mwenyewe, na hakuna mkono wa mtu uliohusika. Hauwezi kufikia ule ukucha wa pembeni na kwa miguu ya nyuma ni kazi, lakini huanzi vita. Usianze, hata hivyo, kabla kidonda cha mguu wa kushoto hakijapona.

Mkono nao utafundishwa, kwa dakika mbili asubuhi na mbili jioni. Gusa bega, kisha toa dagaa asiye na chumvi wala pilipili. Fuata mpangilio huo: mguso kwanza, chakula baadaye. Wengi wanatanguliza chakula ili "kumtuliza", na mbwa ana akili, ndani ya siku tatu anajua kwamba dagaa akitokea kuna mtu anataka mguu wake, na anaanza kumwogopa dagaa. Bega likizoeleka, shuka kwenye kiwiko, kisha kifundo, kisha juu ya mguu, kisha kidole kimoja kwa sekunde moja. Kila hatua ni siku kadhaa. Akiondoka mwache aondoke. Mbwa anayejua mlango uko wazi hukaa muda mrefu kuliko aliyebanwa. Na awe mtu mmoja tu, ningesema wewe. Mume wako ndiye aliyemshika, atafutiwe kazi ya kugawa chakula kwanza.

Kuhusu kumpeleka kwa daktari, nikueleze nilivyopima mwenyewe. Kumshika kwa nguvu watu watatu kunamaliza kazi kwa dakika tano. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo, kwa mbwa mmoja mweupe mdogo ambaye mwaka uliofuata alijikojolea aliposikia sauti yangu nje ya geti. Kumfundisha peke yake bila daktari ni kumwacha na maumivu kwa wiki sita kwa jina la upole. Ninachokushauri ni ziara moja yenye dawa ya usingizi mwepesi: akiwa amelala daktari akague kila kidole, atoe mwiba au funza, akwangue ngozi kidogo kutafuta utitiri, apunguze kucha zote na kutibu ule uliokatika. Ni gharama kubwa kuliko kumshika, na dawa yoyote ya usingizi ina hatari yake ndogo, kwa hiyo asile chakula kwa muda atakaoambiwa. Lakini mnaanza upya mkiwa na mguu usiouma, na mguu usiouma ndio unaofundishika.

Mpigie daktari kabla ya kwenda na uulize kama anaweza kuja nyumbani, au kukupa dawa ya kumtuliza anayokunywa kabla ya kutoka. Gabapentin na trazodone hutumika sana kwa kazi hii, kwa kipimo cha uzito wake. Usijinunulie famasi: gabapentin ya maji ya binadamu wakati mwingine imetiwa utamu wa zailitoli, ambao ni sumu kali kwa mbwa, na Valium, dawa ya kutuliza ya binadamu, inaweza kumfanya mbwa mwoga apoteze breki na kuuma zaidi. Kama itabidi avishwe kifunga mdomo, kiwe cha aina ya kikapu, anachoweza kuhemea na kunywea maji. Kamba au bandeji mdomoni, kwa joto la Tanga, isizidi dakika chache, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema.

Usingoje miadi ikiwa hakanyagi mguu kabisa, kidole kimevimba au kinanuka, usaha unatoka, ukucha unaning'inia, au amepoa na hataki kula. Kucha zikianza kung'oka zenyewe kwenye miguu zaidi ya mmoja, huo ni ugonjwa wa mwili na hakuna mkasi utakaousaidia. Nyayo na pua zikikauka na kuwa ngumu pamoja na kutetemeka kwa misuli, sema hivyo kwenye simu, maana mbwa asiyechanjwa anaweza kuwa na homa ya mbwa. Na akibadilika tabia ghafla, akaanza kudondosha mate, kushindwa kumeza au kuuma vitu hovyo, usimguse: mfungie, toa taarifa kwa afisa mifugo, na urudi kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kama daktari atapata funza, kazi haitakuwa ya Popi peke yake. Mchanga wa uwanjani umwagiwe maji na kufagiwa, mahali anapolala pabadilishwe, na leo usiku, watoto wakishaoga, kaangalie vidole vyao vya miguu.